Mtoto wa kwanza ana selimundu. Je, watatu wanaofuata watakuwa salama?

MamaWaMusoma

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie kuelewa jambo moja, na tafadhali msinijibu juujuu, nataka kulielewa mpaka ndani.

Mwanangu wa kwanza ana miaka minne. Alipofika miezi minane vidole vya mikono na nyayo vilimvimba, akawa analia usiku kucha, tukadhani kaumwa na mdudu. Baadaye akapimwa, ikaonekana ni SS, yaani anaugua selimundu. Mimi nikapima, nikakutwa AS, yaani nimeibeba tu bila kuugua. Mume wangu hajapima. Anasema yeye ni mzima, kila Jumamosi yuko uwanjani anacheza mpira, hajawahi kulazwa tangu azaliwe, kwa hiyo ugonjwa umetoka kwangu. Mama mkwe anasema hivyohivyo, na mawifi wameshalishika neno hilo.

Sasa nina mimba ya miezi mitano. Kliniki nimeambiwa uwezekano ni mmoja kati ya wanne. Wifi yangu mkubwa kanipigia hesabu: huyo mmoja ameshazaliwa, basi watatu waliobaki ni wazima. Natamani sana iwe hivyo. Lakini jirani yangu ana watoto watatu na wawili ni SS, sasa hapo hesabu inakaaje?

Na kingine, mimi na mume wangu wote ni grupu O. Hiyo A ya kwenye AS imetoka wapi?

Dada_wa_Bunda

Pole sana mdogo wangu. Mimi naona wifi yako yuko sahihi, hata mimi niliambiwa hivyo. Mmoja kati ya wanne ni huyo uliyenaye. Zaa kwa amani, Mungu atakusimamia.

Mzee_wa_Darubini

Mwanangu wa Musoma, pole na kuuguza. Nilifanya kazi maabara za hospitali huku Kanda ya Ziwa mpaka nikastaafu, na damu ya selimundu nimeitazama miaka mingi. Dada wa Bunda, najua umesema kwa upendo, ila hesabu hiyo si ya kweli na nimeona familia nyingi zikiingia matatizoni kwa kuiamini. Nitaandika kirefu.

Nianze na grupu maana ni jepesi. Grupu O ni habari ya alama zilizo juu ya ngozi ya chembe nyekundu. AS ni habari ya himoglobini, ile protini iliyojaa ndani ya chembe hiyo na kubeba oksijeni. A hapa ni himoglobini ya kawaida ya mtu mzima, S ni ile ya selimundu. Ni vipimo viwili tofauti, na jeni zake, yaani maagizo ya urithi, ziko kwenye kromosomu tofauti, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba maagizo hayo. Mtu wa grupu yoyote anaweza kuwa AA, AS au SS. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "damu zenu hazikulingana", ujue amechanganya mambo.

Sasa mume wako. Mtoto anakuwa SS kwa kupata S moja kwa mama na S nyingine kwa baba. Wewe huwezi kumpa zote mbili. Mtoto wenu ndiye kipimo cha baba yake cha kwanza: S ya pili imetoka kwake. Kwamba anacheza mpira na hajalazwa hakupingi hilo, kwa sababu mwenye AS kwa kawaida anaishi maisha yake yote bila kuugua selimundu. Nusu au zaidi ya himoglobini yake ni A, na hiyo inatosha kuzuia chembe nyekundu zisipinde kama mundu na kuleta ugonjwa. Wewe mwenyewe ni AS, umewahi kuvimba vidole? Basi naye ni hivyohivyo. Mwambie apime, na mama mkwe aelezwe kwa heshima kwamba jambo hili limetoka pande zote mbili sawasawa.

Tuingie kwenye swali lenyewe. Ili uone kwa nini hesabu ya wifi inaanguka, lazima ujue kwamba mwilini kuna migawanyiko miwili ya seli, na kila mmoja una mahali pake.

Wa kwanza uko mwili mzima: ngozi, ini, utumbo, na kwa habari yetu, uboho ulio ndani ya mifupa. Unaitwa mitosisi. Seli yenye kromosomu 46 inanakili zote, kisha inagawanyika kuwa seli mbili, kila moja ikiwa na 46 zilezile. Hakuna kinachopungua wala kuchaguliwa. Jeni ya himoglobini tunayoizungumzia iko kwenye kromosomu namba 11, na kila mtu ana kromosomu 11 mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mtoto wako alianza kama seli moja yenye S kwenye kromosomu 11 zote mbili. Seli hiyo ikawa mbili, nne, nane, mpaka mtoto mzima, na kila mara S zile zimenakiliwa kwa uaminifu. Uboho wa mtu mzima unatoa chembe nyekundu kama milioni mbili kila sekunde. Ndiyo maana hakuna dawa ya kunywa inayoweza kusafisha damu ya SS ikabaki safi. Leo ukiitoa yote, kesho uboho unaleta nyingine yenye S.

Jambo ambalo wengi hawalijui: chembe nyekundu ikishakomaa inatupa kiini chake kabla ya kutoka kwenye uboho. Haina kromosomu tena, haiwezi kugawanyika. Kwa mtu wa kawaida inaishi kama siku 120 kisha inavunjwa. Ya mtoto wa SS huishi siku 10 hadi 20 tu, na ndiyo sababu ya upungufu wa damu na macho ya manjano.

Mgawanyiko wa pili uko sehemu mbili tu, kwenye korodani na kwenye ovari. Unaitwa meiosisi. Hapa seli inanakili kromosomu mara moja lakini inagawanyika mara mbili, na mwisho kila seli inabaki na kromosomu 23, moja tu ya kila jozi. Mchukue mume wako, AS. Seli moja kwenye korodani yake ina kromosomu 11 yenye A na nyingine yenye S. Inanakili, zinakuwa A mbili na S mbili. Inagawanyika mara mbili, zinatoka mbegu nne: mbili zina A, mbili zina S. Nusu kwa nusu, bila upendeleo. Mbegu ya S haina kilema, inaogelea sawa na mwenzake.

Kwako ni tofauti kidogo. Mgawanyiko wako unatoa yai moja kubwa, na nusu nyingine ya kromosomu inasukumwa pembeni ndani ya viseli vidogo vinavyokufa. Kama S itabaki ndani ya yai au itatupwa na viseli hivyo, ni bahati tu. Na kazi hiyo ilianza zamani: mayai yako yote yaliingia meiosisi ukiwa bado tumboni mwa mama yako, yakasimama katikati, na kila mwezi moja linaendelea pale lilipoishia. Chakula ulichokula, uchovu, maneno ya mtu, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoweka S kwenye lile yai.

Sasa yai lako lina A au S, nusu kwa nusu. Mbegu ina A au S, nusu kwa nusu. Nusu ya nusu ni robo: robo AA, robo SS, na nusu AS. Robo hiyo ni ya mimba moja. Mimba ya pili ni yai jingine na mbegu nyingine, na havina habari ya yaliyotokea kwenye mimba ya kwanza. Ni kama kurusha shilingi: ikiangukia mwenge leo, kesho haikumbuki kwamba sasa ni zamu ya upande wa pili.

Niwaonyeshe kwa namba, maana nimeona wengi wanaelewa hapa. Chukua familia 256 ambazo baba ni AS na mama ni AS, kila moja ina watoto wanne. Kwa wastani, familia 81 hazitakuwa na mtoto wa SS hata mmoja. Familia 108 zitakuwa naye mmoja. Familia 54 watakuwa wawili, familia 12 watatu, na familia 1 wote wanne. Umeona? Ile picha ya "mmoja kati ya wanne" kama alivyoichukua wifi inatimia katika familia 108 tu, hata nusu haifiki. Jirani yako hajavunja hesabu yoyote, yumo humohumo ndani.

Kwa mimba yako hii: uwezekano wa SS ni robo, na uwezekano wa kutokuwa SS ni robo tatu. Haukuongezeka kwa sababu ya kaka yake, wala haukupungua.

Kidato_cha_Sita_PCB

Shikamoo mzee. Sisi mitosisi tuliiona kwenye ncha ya mzizi wa kitunguu, kromosomu 16, ila meiosisi tumechora tu. Nina swali. Kwenye meiosisi kromosomu mbili za jozi zinabadilishana vipande. Je, S haiwezi kuhama ikaenda kwenye kromosomu iliyokuwa na A, halafu mbegu moja ikatoka na S mbili, au mtu akaponea hapo?

Na mwalimu alisema selimundu ni herufi moja tu iliyobadilika. Ni kweli herufi moja inafanya yote haya?

Mzee_wa_Darubini

Marahaba kijana. Swali zuri. Vipande vinabadilishana kweli, ila vinabadilishana mahali kwa mahali. S ikihamia upande wa pili, A nayo inarudi upande huu. Jumla inabaki A mbili na S mbili, na kila mbegu inapata moja. Kinachobadilika ni majirani wa S kwenye kromosomu ile. Kwa hiyo hesabu ya mama wa Musoma haiguswi.

Ndiyo, ni herufi moja. Kwenye jeni hiyo kuna mahali palipoandikwa GAG, kwenye S pameandikwa GTG. Matokeo yake, asidi amino (kipande cha kujengea protini) ya sita kwenye mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo inayounda himoglobini, ambayo ingekuwa glutamiki asidi, inakuwa valini. Glutamiki asidi inapenda maji, valini inayakimbia, na inatafuta mahali pa kujishikiza kwenye himoglobini ya jirani. Oksijeni ikiwepo hakuna shida. Oksijeni ikipungua, himoglobini zinashikana zinakuwa nyuzi ndefu na kuisukuma ngozi ya chembe.

Hili nimeliona kwa macho yangu, na natamani kila mwanafunzi alione. Unachoma kidole, unaweka tone dogo la damu kwenye kioo, unaongeza tone la sodiamu metabisalfaiti inayomaliza oksijeni, unafunika kwa kioo chembamba na kuziba kingo kwa vaselini hewa isipite. Mwanzo chembe zote ni duara, zimetulia. Baada ya nusu saa unarudi kwenye darubini: nyingine zimechongoka ncha mbili, nyingine zimepinda, nyingine zina miiba pembeni. Usogeze kioo polepole utaona zinagongana na kukwama, ilhali chembe za kawaida zinateleza. Fikiri jambo hilo likitokea ndani ya mishipa midogo ya vidole vya mtoto wa miezi minane.

Ila wazazi wakumbuke: kipimo hicho kinasema tu kwamba S ipo. Hakitofautishi AS na SS, kwa sababu damu ya AS nayo inapinda ukiinyima oksijeni namna hiyo. Ukipewa karatasi imeandikwa "sickling positive" peke yake, omba elektroforesisi au kipimo kingine kinachotenganisha himoglobini. Watu wameambiwa ni wagonjwa kumbe ni AS.

MamaWaMusoma

Shikamoo baba. Nimesoma mara mbili, na mume wangu nimemsomea usiku huu. Amenyamaza kwanza, halafu akasema Jumatatu atakwenda kupima. Nakushukuru sana.

Nina mawili. Mbona mtoto alikuwa mzima kabisa mpaka miezi minane? Hilo ndilo lililowafanya waseme kuna mtu alimwangalia vibaya. Na kwa nini ugonjwa huu uko kwetu huku ziwani zaidi? Nilisoma na wasichana kutoka Arusha, kwao hawaujui hivi.

Mzee_wa_Darubini

Marahaba mwanangu. Mpe mume wako hongera kutoka kwangu, wanaume wengi hawafiki hapo.

Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini nyingine, tunaiita F. Haina ule mnyororo wa beta, kwa hiyo ile herufi iliyobadilika haiigusi. Akizaliwa, damu yake kwa sehemu kubwa bado ni F. Taratibu mwili unazima jeni ya F na kuwasha ya beta, na kwa mtoto wa SS hapo ndipo S inapoanza kutawala. Dalili nyingi zinaanza baada ya mwezi wa tano au wa sita. Mtoto alizaliwa na SS siku ileile, hakuna aliyemwangalia vibaya. Na kwa wengine F haizimiki sana, ndiyo moja ya sababu unakuta ndugu wawili wa SS, mmoja analazwa kila mara na mwingine anasoma vizuri. Dawa ya haidroksiyurea inayotolewa kliniki inasaidia kwa njia hiyo pia, inaipandisha F.

Habari ya ziwani ina historia, na imeandikwa hapahapa kwetu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1949 alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Pwani na kando ya Ziwa Victoria alikuta zaidi ya watu 20 katika kila 100 wana S moja. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Akajiuliza jeni inayoua watoto inabakije kwa wingi hivyo. Mwaka 1954 akachapisha jibu: mwenye S moja ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi, watoto wa AA walikufa kwa malaria, wa SS walikufa kwa selimundu, wa AS wakabaki wakazaa. Arusha na Kilimanjaro kule juu kuna baridi na mbu wachache, S haikuwa na faida. Kwa hiyo mwanangu, S uliyonayo iliwaokoa mababu zako.

Lakini sikiliza kwa makini: kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS malaria inamuumiza kuliko wengine, maana damu yenyewe ni kidogo na inavunjwa haraka. Chandarua kila usiku, dawa ya kuzuia malaria kama kliniki walivyompangia, foliki asidi, na penisilini ya kila siku akiwa chini ya miaka mitano. Homa ikizidi, usisubiri asubuhi.

Baba_Swaumu

Salaam mzee wangu. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja, SS. Tumesikia Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uboho kwa watoto wa selimundu. Kaka yake ni AS, wanasema huenda wakaendana. Maswali yangu: huyo kaka mwenye AS anafaa kweli kumpa? Na binti akipona, watoto wake nao watakuwa salama?

Mzee_wa_Darubini

Waalaykumu salaam Baba Swaumu. Kaka mwenye AS anafaa, kinachotafutwa ni alama za kinga ziendane, na AS yenyewe haizuii. Uboho wake utagawanyika kwa mitosisi ndani ya mifupa ya dada yake na kutoa chembe za AS, naye ataacha kuugua. Madaktari watawaeleza hatari zake, ni matibabu mazito, na dawa zinazotangulia zinaweza kudhuru uzazi. Ulizeni hilo mapema.

Watoto wake ni swali jingine, na ndipo ile migawanyiko miwili inapoonekana wazi. Uboho mpya unakaa kwenye mifupa. Mayai yake yako kwenye ovari, na yalikuwepo kabla hajazaliwa, yote yana S. Akipima damu ataonekana AS kama kaka yake, lakini kwa kila mimba atatoa S. Hata matibabu mapya ya kuhariri jeni, yale yaliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, yanafanywa kwenye seli za uboho zilizotolewa nje na kurudishwa, mayai hayaguswi. Kwa hiyo siku ya kuolewa, kipimo cha maana ni cha mchumba. Akiwa AA, watoto wote watakuwa AS, hakuna SS. Akiwa AS, nusu kwa kila mimba. Na huyo kaka pia apime mchumba wake, wala asijione yuko nje ya jambo hili. Vijana wazima wenye mdogo au kaka wa SS, wawili kati ya watatu ni AS.

Dada_wa_Bunda

Shikamoo mzee, nimekuelewa, nami nitapima. Naomba uniambie hili. Mtoto wa mdogo wangu aliongezewa damu kwa sababu ya kupungukiwa, wiki mbili baadaye akapimwa hospitali nyingine, wakaandika AS, wakasema aache dawa za selimundu. Mwanzo alikuwa SS. Inawezekana kubadilika?

Mzee_wa_Darubini

Marahaba mwanangu. Haibadiliki. A waliyoiona ni ya mtu aliyetoa damu. Chembe zake bado zinazunguka mwilini mwa mtoto, na zinaweza kuishi humo hadi miezi mitatu, minne. Aliyepima alipaswa kuuliza kama mtoto ameongezewa damu.

Mwambie mdogo wako asiache dawa hata moja kwa karatasi hiyo. Arudi kliniki ileile ya mwanzo na karatasi zote mbili, aseme tarehe aliyoongezewa damu. Wakitaka kurudia elektroforesisi, wahesabu miezi minne tangu siku hiyo. Kama hawataki kungoja, kuna kipimo cha vinasaba kinachosoma jeni kwenye chembe nyeupe, maana hizo zina kiini, na damu aliyoongezewa kwa kawaida haikivurugi.

Na wewe mama wa Musoma, huyo atakayezaliwa apimwe mapema, wiki za kwanza kabisa. Uliza kama hospitali utakayojifungulia inachukua damu ya kisigino. Kama haichukui, mpeleke mwenyewe kabla ya miezi mitatu, ili akiwa SS penisilini ianze kabla ya homa ya kwanza.